Mimba Zisizo na Watoto

Zebida Tweve aliinua mfuniko wa chemba namba tisa kwa chuma chake, akausukuma pembeni, akapiga goti kwenye nyasi zilizolowa umande. Ilikuwa saa tatu asubuhi na ukungu wa Ludende ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Alishusha waya wenye kinusa mpaka kikagusa maji taka, akasubiri huku akipuliza vidole.

Kishikwambi kikaanza kuandika. Kipindupindu, hakuna. Homa ya matumbo, hakuna. Surua, hakuna. Mpaka hapo mtu yeyote angeweza kusoma. Kisha Zebida akaweka namba yake ya siri, ukurasa wa pili ukafunguka: nyumba ya ishirini na mbili, mimba, wiki ya tisa. Nyumba ya thelathini, mimba, wiki ya ishirini na sita. Mahali kila bomba la nyumba lilipoingia bomba kuu palibandikwa kipande cha bati chembamba kama ukucha, na kipande hicho kilihifadhi kumbukumbu za juma zima. Kinusa kilipita tu kuzichukua.

"Kamwene, Mama Obadia."

Akafunga ukurasa haraka kabla ya kugeuka. Alikuwa Neeltje, wa nyumba ya kumi na nne, amevaa sketi yake nyeusi na kitambaa kichwani, mkononi kikombe cha chai kinachofuka moshi. Watu wa Ludende walimwita Nela, maana jina lenyewe liliwashinda.

"Kamwene, Nela."

"Leo kuna ugonjwa?"

"Hakuna. Mko salama."

Nela akampa kikombe, akasimama pembeni akimwangalia anavyokunywa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amezaliwa hapahapa bondeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Makete kabisa, kile cha kuvuta maneno mwishoni. Babu zake walikuja na meli mbili na vitabu vyao vya zaburi baada ya bahari kuimeza nchi yao. Waholanzi wengine walikwenda kwingine na kusahau kanisa. Hawa wa Bondeni hawakusahau. Jumapili hawakuwasha hata trekta, pombe ya ulanzi hawakuionja, na walizaa kama walivyozaa mababu zao: saba, wanane, tisa. Juu mlimani, kwa wenyeji, watu walioa wakiwa na miaka arobaini, wakapata mmoja, na wengi hata huyo mmoja hawakumpata.

"Kila wiki unakuja," Nela alisema. "Kule juu pia unakwenda kila wiki?"

"Kule juu mitambo inajisoma yenyewe," alijibu Zebida. Lilikuwa jibu la kweli kiasi. Kilichobaki alikimeza pamoja na chai.

*

Bwana Lutengano Mahenge, mkuu wa takwimu wa wilaya, alikuwa na umri wa kuwa mwana wa Zebida, na hakuacha hata siku moja kumwamkia.

"Shikamoo mama. Keti. Nataka uone kitu kabla hakijafika kwa madiwani."

Akageuza kioo cha mezani upande wake. Palikuwa na safu mbili tu. Kwa miaka mitatu, vinusa vya Bondeni vilikuwa vimeona mimba sitini na nne zilizovuka mwezi wa saba. Katika miaka hiyohiyo, Waholanzi walikuwa wameandikisha vizazi arobaini na kimoja.

"Ishirini na tatu," Mahenge alisema. "Wako wapi?"

Zebida alijua kwa nini swali lile lilikuwa zito. Mkataba wa Ukaazi ulisema kwamba siku watoto wa wageni walio chini ya miaka mitatu wakizidi nusu ya watoto wote wa umri huo mjini, wageni watatawanywa katika wilaya tano, familia hapa, familia pale, ili wachanganyike na watu. Kwa vizazi vilivyoandikishwa, Bondeni walikuwa chini ya mstari kwa wanane. Ukiongeza ishirini na tatu, walikuwa wameuvuka zamani.

"Watu wanasema wamejenga chumba chini ya kanisa," Mahenge aliendelea. "Mimi sisemi hivyo. Lakini mimba haipotei, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli alimfundisha. Mimba changa ikiharibika, homoni zake hushuka ghafla na kinusa huonyesha bonde kwenye mchoro. Mtoto akizaliwa wakati wake, mchoro hushuka kwa namna nyingine, na siku chache baadaye homoni ya maziwa hupanda na kukaa juu miezi mingi, mradi mama ananyonyesha. Zebida alivuta kioo karibu, akafungua nyumba moja baada ya nyingine katika zile ishirini na tatu. Zote zilifika mwisho wa mimba. Zote zilishuka kama mtoto amezaliwa. Na katika zote, maziwa yalipanda siku nne, tano, yakakauka.

"Hawanyonyeshi," alisema polepole.

"Maana yake?"

"Maana yake hao watoto hawamo katika nyumba hizo."

Zebida alifunga mchoro wa mwisho. Mtoto aliyefichwa ni jambo la kesi. Mtoto asiyekuwepo ni jambo jingine kabisa.

"Alhamisi ya wiki ijayo baraza linakaa," Mahenge alisema. "Nenda ukaangalie kwa macho yako. Wewe wamekuzoea."

*

Alianza na nyumba ya kumi na nne. Mimba ya Nela ilikuwa imekoma tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, miezi minne iliyopita. Zebida aliikumbuka mimba ile; aliwahi kumshika tumbo na kumtania kwamba safari hii ni pacha.

Alikaribishwa jikoni. Harufu ya jibini, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa, watoto watatu wanamenya viazi wakiongea Kikinga kwa Kiholanzi kwa Kiswahili bila kuona mpaka. Macho ya Zebida yalifanya kazi ambayo moyo wake haukuipenda. Alitazama kamba ya nguo nje: sketi, suruali, soksi. Hapakuwa na nepi. Hapakuwa na kitanda cha mtoto, wala kitambaa kidogo begani mwa mama.

"Nela, sijawahi kukupa pole wala hongera. Ulijifungua?"

Nela aliwaambia watoto watoke nje. Wakatoka.

"Alikufa," alisema.

"Pole sana mwanangu. Mmemzika wapi?"

"Kanisani."

Alipotoka pale alipita makaburini. Waholanzi walizika kwa mpangilio, jiwe dogo la kijivu kwa kila mtu, jina na tarehe. Alipita mstari hadi mstari. Watoto wachanga wa miaka mitatu ile walikuwa wawili, wote wa nyumba nyingine. Mzee wa kanisa aliyekuwa anang'oa magugu langoni alimsalimu kwa kuinua kofia. Zebida alimwitikia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akajiuliza mtu huyu anajua nini.

Wiki nzima alikwenda nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema mtoto kapelekwa kwa shangazi. Mwingine alisema hakuwahi kuwa na mimba, akalisema hilo bila kupepesa jicho, wakati Zebida alikuwa na miezi tisa yake yote mkobani. Waliongopa vibaya, kama watu ambao hawajazoea. Lakini hakuna aliyelia. Hilo lilimsumbua kuliko uongo wenyewe. Mwanamke aliyepoteza mtoto ana namna anavyokaa kitini, na hawa hawakukaa hivyo.

*

Jumanne, siku mbili kabla ya baraza, alikaa peke yake katika chumba cha mitambo na kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwagiza. Alifungua chemba za Juu.

Kumbukumbu zilikuwepo zote, mwaka hadi mwaka. Hazikuwahi kufunguliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na mashaka na watu wa Juu. Akazilinganisha na daftari la vizazi. Kwa miaka mitatu ileile wenyeji waliandikisha watoto hamsini na wanane. Maji taka yao yaliona mimba thelathini na saba zilizovuka mwezi wa saba.

Alidhani amekosea, akarudia. Ishirini na mmoja. Watoto ishirini na mmoja wa wenyeji walizaliwa bila mimba kuonekana kwao, na wote waliandikishwa na zahanati moja ya binafsi njia ya kwenda Matamba. Ukijumlisha makaburi mawili madogo, hesabu ilikuwa imetimia.

Akaziweka tarehe sambamba. Mimba ikikoma Bondeni tarehe tatu, mtoto anaandikishwa Juu tarehe nne. Ikikoma tarehe ishirini, ishirini na mbili. Alishuka taratibu kwenye orodha. Aliona jina la mwalimu mkuu. Aliona jina la Diwani Kyando, yule anayewaita Waholanzi magugu. Kisha akafika tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, nyumba ya kumi na nne, na mbele yake, tarehe kumi na mbili: Luseko, wa kike. Baba, Obadia Tweve. Mama, Sifa Sanga.

Mjukuu wake.

Alikaa pale mpaka mtu wa usafi alipokuja kumwuliza kama anaumwa.

*

Sifa alikuwa anakunja nguo za mtoto. Luseko alilala mgongoni mwake, kinywa wazi. Obadia alikuwa kazini, na Zebida alishukuru kwa hilo.

"Ulipokwenda kwa mama yako miezi ile sita," Zebida alisema, "ulikwenda kufanya nini?"

Sifa aliendelea kukunja. Alikunja fulana mbili zaidi. Kisha akaketi.

"Mama, mimba zilitoka tano. Wewe unazijua mbili. Daktari akasema mbegu zenu nzuri, nyumba ya mtoto ndiyo haishiki. Akasema kuna wanawake wanaweza kutubebea mtoto. Luseko ni wetu, mama. Damu ni ya Obadia na yangu. Nela alimbeba tu."

"Alimbeba tu."

"Alikubali mwenyewe. Nilikuwepo alipokubali."

"Mkampa nini?"

Sifa alitazama mlango. "Obadia alitia sahihi. Aliwadhamini watoto wake watatu."

Zebida alielewa. Mholanzi wa Bondeni, hata aliyezaliwa Bondeni, hakuwa raia mpaka mwenyeji amtilie sahihi. Bila sahihi hakuna shule ya sekondari, hakuna shamba kwa jina lako, hakuna kusafiri nje ya wilaya bila kibali. Wenyeji wengi walikuwa hawatii sahihi. Walisema wale wakishakuwa raia watapiga kura, na wakipiga kura, kwa jinsi wanavyozaa, basi.

"Angekataa ingekuwaje?" Zebida aliuliza.

"Hakukataa."

"Nakuuliza angekataa."

Mtoto alijinyoosha mgongoni, akatoa sauti ndogo, akalala tena. Sifa alimpapasa mguu, na machozi yalianza kumtoka taratibu.

"Utamwambia Mahenge," alisema.

"Sijui."

"Wakijua, watafuta cheti chake. Sheria inasema mama ni aliyezaa. Atakuwa mtoto wa Bondeni, mama. Watamhesabu huko."

*

Kesho yake asubuhi alimkuta Nela shambani, anachimbua viazi. Zebida aliokota ndoo, akaanza kuokota viazi nyuma yake. Walimaliza mstari mzima.

"Nimemwona mtoto," Zebida alisema mwishowe. "Nimekuwa nikimwona kila siku. Nilikuwa sijui ninayemwona."

Jembe lilisimama. Nela hakugeuka.

"Mlikuwa mnatufuatilia," alisema. "Si kipindupindu."

"Si kipindupindu peke yake. Nisamehe."

"Mume wangu alisema hivyo tangu mwanzo. Mimi nikamwambia Mama Obadia si mtu wa namna hiyo."

Zebida alipokea neno lile kama lilivyokuja. "Nataka kukuuliza jambo. Ulitaka?"

Nela alikaa juu ya gunia. Alifuta udongo viganjani, kidole kimoja kimoja.

"Nilipata watoto watatu, na kanisani kwetu watu wananiuliza kwa nini watatu tu. Mzee wa kanisa aliliona tumbo langu akamshukuru Mungu mbele ya watu wote. Baadaye nikamwambia mtoto kafa. Akaniombea. Tangu siku hiyo sijagusa meza ya Bwana, maana siwezi kula pale na uongo mdomoni." Akakung'uta sketi. "Na kule kwenu wananihesabu kila nikipita na tumbo. Tumbo lilelile. Kwa hawa wetu ni baraka, kwa wale wenu ni uvamizi. Nilipokuwa na Luseko nilicheka peke yangu. Nilijiambia, laiti mngejua nimembeba nani."

"Hujajibu."

"Binti yangu mkubwa anataka kusoma udaktari wa mifugo. Sasa ana karatasi, atasoma. Usiniulize kama nilitaka, mama. Niulize nilikuwa na njia gani nyingine."

"Na wenzako?"

"Mmoja alifurahi kweli. Alisema Mungu kampa tumbo kubwa kuliko nyumba yake. Mwingine alilia miezi tisa. Wengine hawasemi." Nela aliinuka, akashika jembe. "Ukisema, watafuta vyeti vya watoto wenu na karatasi za watoto wetu. Usiposema, watatutawanya. Wewe ndiye mwenye mtambo. Amua."

*

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka madirishani. Waholanzi walikaa nyuma, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, kofia magotini. Mahenge alisoma safu zake mbili. Aliposema ishirini na tatu, sauti ilipita ukumbini kama upepo kwenye mianzi. Diwani Kyando alisimama akasema yeye hana chuki na mtu, ila mgeni anayeficha watoto leo ataficha nini kesho, na chini ya kanisa lile kuchimbwe.

Mwenyekiti akamwita mkaguzi wa maji taka.

Zebida alikwenda mbele. Hakuwa na karatasi. Usiku hakuwa amelala, na alikuwa ameipima kila njia. Kila moja ilikuwa na mtu wa kuumia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, takwimu ya Bwana Mahenge ni sahihi, lakini ni ya nusu ya mji. Mimi nimesoma chemba zote, za Bondeni na za Juu. Kwa miaka mitatu mji huu ulibeba mimba mia moja na moja. Watoto walioandikishwa ni tisini na tisa, na wawili wana makaburi. Hakuna mtoto aliyefichwa Ludende. Wote wana vyeti. Wote wako hapa mjini."

"Kwa hiyo wale ishirini na watatu?" mwenyekiti aliuliza.

"Wamo katika hao. Wengine wamebatizwa mbele yenu."

Mahenge alikuwa ameinamia kishikwambi chake. Zebida alimwona anapofika kwenye vizazi vya Juu; alimwona anakoma kugusa kioo. Hakuinua uso.

"Mkaguzi agawanye hizo hesabu nyumba kwa nyumba," sauti ilitoka pembeni. "Tuone nani ni nani."

"Naweza," Zebida alisema. "Nyumba zote, za Bondeni na za Juu, leo hii, kwa sauti. Baraza likiniagiza."

Alipolisema hilo alimtazama Diwani Kyando. Hakuwa amepanga kumtazama. Mtu yule alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsikia mtoto wake akilia chumba cha pili.

"Mwenyekiti," Kyando alisema, na ilibidi akohoe, "sioni haja. Nyumba za watu ni siri ya watu. Naomba hoja iondolewe."

Wengine wawili waliunga mkono haraka kuliko ilivyo kawaida ya baraza. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake. Hoja iliondolewa kabla ya saa sita.

*

Hakuna aliyemshukuru. Obadia alikuja jioni ile, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwambia mama yake kwamba Sifa na mtoto wamekwenda kwa wazazi wa Sifa na hajui watarudi lini. Mahenge aliacha kumwamkia. Na wiki ya pili Nela alimsimamisha njiani, akamwambia wadhamini wanne wamekwenda uhamiaji kufuta sahihi zao kwa hofu.

"Hatujatawanywa," Nela alisema. "Lakini sasa hakuna mtu wa Juu anayethubutu kuonekana na sisi. Obadia hajafuta. Kila asubuhi nangoja nisikie kwamba amefuta."

Jumatatu Zebida alivaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya uhamiaji. Sheria ilimruhusu raia mmoja kudhamini watu watano. Alikuwa amekaa Ludende miaka hamsini na saba na hakuwahi kutumia hata nafasi moja kati ya hizo tano; wala, alipofikiri vizuri, hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Karani alikuwa msichana mwenye miwani, aliyehamia mjini karibuni. Alimpa fomu, akamwonyesha pa kuandika. Zebida aliandika jina la Nela kwanza, kisha la mumewe, kisha majina ya wanawake wengine watatu: yule aliyelia miezi tisa, na wawili ambao hawasemi. Aliandika tarehe zao za kuzaliwa bila kuuliza. Alizijua kutoka kwenye mtambo.

Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na swali moja na visanduku viwili. Je, mdhamini au mtu wa familia yake amewahi kupokea chochote kutoka kwa mwombaji?

"Nikisema ndiyo?" aliuliza.

"Fomu inakufa, mama. Na tunachunguza fomu zote za familia yenu."

Miaka thelathini na moja Zebida alikuwa ameandika kile kilichosemwa na kinusa, kikiwa kizuri au kibaya, na hakuwahi kubadilisha hata namba moja. Aliikumbuka sauti ya Luseko akijinyoosha mgongoni mwa mama yake. Akaweka alama kwenye *hapana*, akatia sahihi, akasukuma karatasi juu ya meza.

Karani aliisoma ile alama. Kisha akainua macho, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mtu.

"Watu watano," alisema. "Na hawajawahi kukupa kitu chochote."

"Chai tu," Zebida alisema.

Msichana akachukua kalamu na kuandika jambo pembeni ya fomu, kwa herufi ndogo ambazo Zebida, kutoka upande ule wa meza, hakuweza kuzisoma.